Kazi Zishikane Mikono

Mwaka jana jarida letu lilitoka siku tatu baada ya Kidato cha Nne kufunga masanduku na kwenda zao. Aliyeandaa ratiba ni mimi. Lawama zote zikaniangukia, nami sikuwa na pa kuuficha uso.

Kosa lilikuwa nini? Niliandika kila kazi na tarehe yake katika tarakilishi, lakini sikuziunganisha. Makala yalipochelewa wiki nzima, tarehe za kuhariri na kuchapisha zilibaki pale pale. Ratiba ilisema tuko sawa, kumbe wapi!

Basi nimejifunza, nami nawagawia. Kazi za mwaka huu, kwa siku za kazi, zilikuwa hizi:

1. Kukusanya makala: 10
2. Kuhariri: 5
3. Kupiga taipu: 4
4. Kusoma prufu: 2
5. Kuchora jalada: 6
6. Uchapishaji: 7

Katika programu ya Microsoft Project mna safu ya kazi tangulizi. Mstari wa 2 niliandika 1, wa 3 nikaandika 2, wa 4 nikaandika 3. Wa 6 niliandika 4 na 5, maana mchapishaji hutaka prufu na jalada pia. Wa 5 niliuacha mtupu. Mchoraji hamngojei mtu. Njia ya mkato ni kuchagua kazi mbili, kisha ubonyeze Ctrl pamoja na F2.

Sasa jumlisha 10, 5, 4, 2 na 7. Ni siku 28. Huo ndio mnyororo mrefu: ukichelewa siku moja popote hapo, jarida nalo linachelewa siku moja. Mchoraji yeye ana siku 21 kabla ya uchapishaji na anahitaji 6 tu, kwa hiyo ana nafasi ya siku 15. Hesabu hii ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 na Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand.

Tahadhari! Usijaze tarehe za kuanza kwa mkono. Iamuru programu ipange kazi yenyewe, wewe uipe siku na viungo tu.

Je, makala yalichelewa tena? Naam, siku 3! Lakini safari hii tarehe zote zilisogea papo hapo, tukaiona hatari mapema. Tukagawana kuhariri na kupiga taipu, tukazikomboa siku zetu.

Ndugu zetu wa Kidato cha Nne, jarida hili mnalisoma mkiwa bado shuleni. Kwangu hiyo ni fidia tosha.