Somo: Kansere ya Prostati Inayoweza Kulindwa

Muzee akisikia neno kansere anawaza: Nipasuliwe leo ama nitakufa. Lakini kansere nyingine za prostati zinakua polepole sana. Vipande vya tezi ndivyo vinavyoonyesha.

1. Prostati ni nini? Ni tezi ndogo ya mwanaume, chini ya kibofu, inayozunguka njia ya mukojo.

2. Vipande vinapimwa namna gani? PSA ikizidi katika damu, ama munganga akigusa mahali pagumu kwa kidole, anatoa vipande vyembamba kwa sindano, mara nyingi 12. Vinatazamwa kwa mikroskopi na kupewa hesabu. Munganga Donald Gleason wa Marekani alitoa njia hii mwaka 1966. Hesabu 6 ni kansere ya polepole. Hesabu 8 hata 10 ni kali. Hesabu 7 ni katikati.

3. Nani anaweza kungoja? Kwanza ni mwenye hesabu 6, ambaye kansere yake imeonekana katika vipande vichache, haikupita nusu ya kipande, na PSA yake ni chini ya 10. Mwenye hesabu 7, munganga atapima hali yake peke yake. Mwenye 8 na zaidi asichague njia hii.

4. Sababu gani asipasuliwe mara moja? Kisu na mionzi vinaweza kuharibu nguvu za kiume, ama kufanya mukojo utoke ovyo. Katika Uingereza wanaume 1,643 waligawanywa makundi 3: kulindwa, kupasuliwa, na mionzi. Habari za mwaka 2023 zilionyesha kwamba nyuma ya miaka 15, karibu 97 katika 100 wa kila kundi hawakufa kwa kansere ile. Lakini kwa waliolindwa ilienea mwilini zaidi.

5. Kwa hiyo, kulindwa si kuachwa. Damu inapimwa kila miezi 6, tezi inaguswa kila mwaka, na vipande vinatolewa tena kwa wakati wake. Hesabu ikipanda, utatibiwa mbele kansere haijaenea. Kama unakaa mbali na huwezi kurudi, umwambie munganga mbele ya kuchagua. Usione haya.

Maulizo:
Hesabu 6 maana yake nini?
Nani asingoje?
Anayelindwa anapaswa kurudi sababu gani?