KIDANI CHA MAGHRIBI NA HUKUMU YA KUKIUZA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baad. Katika darasa letu tumeulizwa na mama mmoja mjane. Marehemu mumewe, aliyekuwa baharia, alimwachia kidani cha kale cha dhahabu kutoka Moroko. Sonara ataka kukitwaa na kumpa bangili mpya za dhahabu. Je, yafaa?

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Katika miji ya Maghribi kama Fes na Meknes, masonara wengi walikuwa Mayahudi, na miongoni mwao walikuwamo wazao wa waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Sonara huunga nyuzi nyembamba za dhahabu juu ya bamba la dhahabu, zikafanya vijumba vidogo. Ndani yake hutia unga wa kioo wenye madini, kobalti kwa rangi ya buluu na shaba kwa kijani, kisha hukitia motoni mpaka kioo kiyeyuke na kushikamana na dhahabu. Hatimaye hupamba kwa zumaridi, yakuti na lulu. Basi kinachopimwa mizanini si dhahabu yote, na hapo ndipo penye mas'ala yetu.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Sahaba Fadhala bin Ubaid alinunua siku ya Khaibar kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipovitenganisha, aliona dhahabu yake yapita dinari 12. Mtume, rehema na amani zimshukie, akabainisha kuwa kitu kama hicho hakiuzwi mpaka kitenganishwe.

Sababu yake ni kuwa dhahabu kwa dhahabu yataka uzani sawa na kupokezana papo hapo. Usawa usipojulikana, hukumu yake ni ya kutokuwa sawa, na hiyo ni riba. Nayo rangi ile, ukiibandua, umekiharibu kidani.

Njia ya halali ni nyepesi. Na akiuze kwa shilingi, azipokee mkononi, kisha anunue bangili apendako. Sheria hapa yamlinda mjane, kwani johari na kazi ya mkono zitatajiwa bei, zisimezwe na mizani.

Ama zaka, katika madhehebu yetu ya Shafii, na ya Malik wanayoyafuata watu wa Maghribi, pambo la halali analolivaa mwanamke halina zaka, Mahanafi waiwajibisha. Lakini likiwekwa kuwa akiba, hutolewa sehemu moja katika arubaini kila mwaka, dhahabu yake ikifika mithkali 20, yaani kama gramu 85 za dhahabu safi. Johari na kioo havihesabiwi, ila vikiwa vya biashara.

Limebaki neno moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Je, marehemu alimpa kidani hicho hali yu hai, akakipokea? Ikiwa ndivyo, ni chake. Ikiwa hapana, ni mali ya mirathi: baada ya deni na wasia, mjane ana thumni marehemu akiwa ana watoto, na robo akiwa hana. Asiuze haki ya yatima akidhani ni yake.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.