Maua Chumbani: Yanasafisha Hewa Unayolala Nayo?

Kampala ya leo ina wauza miche karibu kila barabara kubwa, na wengi wao humwambia mteja kuwa ua fulani likiwekwa chumbani husafisha hewa na kuleta usingizi. Wasomaji wameuliza kama ni kweli. Majibu haya ni kwa anayelala katika chumba cha kawaida cha mjini, muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, ukiwemo.

Nina vyungu viwili kando ya kitanda. Vinasafisha hewa?

Kwa kiasi ambacho pua yako wala kipimo chochote cha nyumbani hakiwezi kukitambua. Dai hili lilipata nguvu mwaka 1989, pale Bill Wolverton wa NASA, shirika la anga la Marekani, alipoonyesha kuwa mimea hupunguza gesi kama benzeni na fomaldehaidi. Alikuwa akiwafikiria wanaanga, na mimea yake ilikuwa ndani ya visanduku vilivyozibwa kabisa. Chumba chako hakiko hivyo: hewa hupita chini ya mlango na kwenye nyufa za dirisha. Mwaka 2019, Cummings na Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia tafiti za miaka mingi wakapiga hesabu upya. Ili mimea ilingane na kazi ambayo upenyo wa kawaida wa hewa unaifanya tayari, inatakiwa kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 3 kingehitaji vyungu 90 kwa uchache. Wewe ungelala wapi?

Nimeambiwa sansevieria, ile yenye majani marefu kama panga, hutoa oksijeni usiku.

Hapo ukweli umechanganywa na uongo. Mmea huu wa Afrika Magharibi umezoea ukame, kwa hiyo hufungua vinyweleo vya majani usiku ili usipoteze maji, ukavuta hewa ukaa na kuihifadhi. Lakini oksijeni hutengenezwa kwa nguvu ya mwanga, na mwanga ni wa mchana.

Na wazee wanaosema maua hutunyang'anya hewa usiku?

Mmea hupumua usiku, ni kweli, ila kidogo mno. Mtu unayelala naye anatumia hewa nyingi kuliko maua yako yote.

Basi kwa nini naamka na kichwa kizito?

Sababu zipo nyingi, lakini anza na dirisha. Wengi wetu hufunga madirisha jioni kwa hofu ya mbu na wezi, hatufungui tena hadi asubuhi. Watu wawili waliolala hutoa takriban lita 25 za hewa ukaa kwa saa. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7, kina hewa lita 24,000 hivi. Kikizibwa barabara, kila saa huongezeka sehemu 1,000 hivi za hewa ukaa katika kila milioni, ilhali hewa ya nje ina 420 na kidogo. Wanafunzi waliopimwa mabwenini nchini Denmark, utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walilala vizuri zaidi hewa ilipopita chumbani, na kesho yake wakafanya vyema zaidi majaribio ya kufikiri.

Nyumba nyingi za zamani zina matundu ya hewa juu ya dirisha. Wapangaji huyaziba kwa magazeti. Yafungueni, mtandaze wavu wa mbu juu yake, na chandarua kitandani kibaki palepale.

Nikifungua, si nitaingiza moshi na vumbi?

Wasiwasi wako una msingi. Vipimo vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza mwaka 2015, vinaonyesha Kampala ikivuka mara kadhaa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho kwa chembe laini ni maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Hali huwa mbaya zaidi asubuhi na jioni, kwa magari, boda boda, majiko ya makaa na takataka zinazochomwa. Fungua wazi mchana. Usiku acha matundu ya juu, hasa yasiyoelekea barabarani. Mimea nayo ina kazi hapa: uzio wa michongoma kati ya dirisha na barabara ya vumbi hunasa vumbi jingi kuliko chungu chochote cha ndani.

Niyatoe maua yangu, basi?

Hapana. Kijani hutuliza macho na moyo, na hiyo ni sababu tosha ya kuyaweka. Mwaga tu maji ya kisahani, maana mbu huzaliana humo, wala usiloweshe udongo kila siku. Ukiona ukungu mweusi nyuma ya kabati, punguza vyungu. Chumba hicho kina unyevu wa kutosha.

Msimu wa mvua tunaingiza sigiri ndani kupata joto. Maua yatatusaidia?

Hayatasaidia hata kidogo. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Hakuna mmea wa chumbani unaoweza kuiondoa kwa kiasi cha kukuokoa. Tafadhali, sigiri ibaki nje hata makaa yakionekana yamekufa, ongezeni blanketi.