Mzee Anaponyamaza Barazani: Usikivu, Kumbukumbu na Utani katika Afya ya Wastaafu

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, wastaafu hukutana alasiri kwa muuza kahawa. Hapo pana benchi mbili, bao, redio ndogo na sahani ya kashata. Mmoja husoma gazeti kwa sauti, mwingine humpinga kabla hajafika mwisho wa habari, na wa tatu, ambaye ni Mngoni, hasiti kumkumbusha mwenzake Mhehe kwamba deni la utani bado halijalipwa. Wapita njia huyaona mazungumzo hayo kuwa ya kupitisha muda tu. Kwa daktari wa wazee ni kipimo ambacho kliniki haina. Kufuata habari ya leo, kuiunganisha na ya zamani, kudaka mzaha na kuujibu papo hapo ni kazi inayohitaji masikio, ubongo na nafsi iliyochangamka kwa wakati mmoja. Kimojawapo kikilegea, mara nyingi barazani ndipo hubainika kwanza.

Mfano ufuatao wa kufundishia unafanana na mengi yanayoonekana kliniki. Mstaafu wa reli mwenye umri wa miaka 74, mgonjwa wa kisukari na hodari wa kutania, alianza kukaa kimya barazani, kisha akaacha kwenda kabisa. Nyumbani aliulizwa hili akajibu lile. Wanawe walisema uzee umemwingia. Mmoja wao, aliyekwisha kusikia habari za demenshia, alimleta kliniki akiwa tayari amekata tamaa. Muuguzi akamwambia, "Mzee wangu, sukari yako imepanda." Akajibu, "Hapana mwanangu, mimi sijapanga safari yoyote." Waliokuwamo chumbani walicheka. Naye akacheka pamoja nao, bila kujua kinachochekwa.

Jibu lile lilistahili kufikiriwa kabla ya kuchekwa. Mtu aliyesikia kwamba safari imepangwa, akakanusha, amejibu kwa mantiki timamu. Kilichokosewa ni maneno yaliyomfikia. Usikivu wa uzeeni hupungua kwanza katika sauti nyembamba. Irabu ni sauti nzito zenye nguvu, nazo huendelea kusikika. Konsonanti kama s, f, t na k ni dhaifu na nyembamba, nazo hutangulia kupotea. Kwa mzee wa namna hiyo, maneno pata, kata, taka na saka huweza kufika kama neno moja, na ubongo hulazimika kukisia. Ndiyo maana wazee wengi hulalamika kwamba wanasikia lakini hawaelewi, au kwamba vijana wa siku hizi wanamung'unya maneno. Kumpigia kelele hakusaidii sana, kwa kuwa kelele huongeza nguvu za irabu ambazo tayari anazisikia, na humfanya aone anagombezwa. Hufaa zaidi kukaa mbele yake penye mwanga, kuzima redio, kusema polepole kwa sauti ya kawaida iliyo nzito kidogo, na asipoelewa kubadili maneno badala ya kurudia yale yale.

Mzaha ndio huumia mapema kuliko mazungumzo mengine. Utamu wake hukaa katika neno la mwisho, linalosemwa haraka huku wengine wameshaanza kucheka. Anayelikosa mara tatu au nne huanza kucheka kwa kufuata wenzake. Baadaye huchoka na kubaki nyumbani. Upweke unaofuata una gharama yake. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet liliorodhesha mwaka 2020 mambo 12 yanayoongeza hatari ya demenshia na yanayoweza kurekebishwa, na mwaka 2024 likayafikisha 14. Kupungua kwa usikivu na kutengwa na watu yamo katika orodha zote mbili.

Uchunguzi wa awali hauhitaji mashine. Mhudumu husimama nyuma ya mgonjwa kwa umbali wa mkono mmoja, huziba sikio moja, kisha hunong'ona namba tatu na kumwomba azirudie. Baada ya hapo sharti sikio litazamwe ndani. Nta iliyoshindiliwa ni sababu ya kawaida na inayotibika, na mara nyingi imeshindiliwa na mwenyewe kwa pamba za vijiti, njiti ya kiberiti au unyoya wa kuku. Nta hulainishwa kwa matone ya mafuta ya zeituni kwa siku kadhaa, kisha mhudumu aliyefunzwa huiosha kwa maji yenye joto la mwili. Sikio linalotoa usaha, au lenye ngoma iliyotoboka, halioshwi kwa maji.

Hata hivyo, kusikia vizuri hakuondoi uwezekano wa demenshia, na hapa wahudumu wengi hudanganyika kwa njia ya heshima kabisa. Maamkizi ya Kiswahili ni marefu na yamezoeleka tangu utotoni. Mzee anaweza kuitikia marahaba, akajibu habari za nyumbani, za watoto na za kazi bila kukosea hata moja, ilhali hakumbuki kama amekunywa dawa asubuhi. Familia nazo hudanganywa na kumbukumbu za kale. "Baba hana tatizo," husema, "anasimulia Vita vya Kagera kama vya jana." Mambo yaliyompata mtu tangu ujana hadi kukaribia miaka 30 hung'ang'ania kuliko mengine. Kwa kizazi hiki ni pamoja na Azimio la Arusha la 1967, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na nyimbo za Mbaraka Mwinshehe redioni. Swali lenye manufaa zaidi ni lile la barazani: habari gani mmeizungumza wiki hii? Jibu lilinganishwe na la mtu anayeishi naye. Kina mama, ambao baraza hizo kwa kawaida si zao, waulizwe juu ya mchezo wa upatu, kwaya au darsa: nani amepokea, nani amefiwa.

Lakini hadithi za zamani zisikatizwe. Mwaka 1963 daktari Robert Butler wa Marekani aliandika kwamba mzee kuyapitia maisha yake kwa kuyasimulia ni jambo la kawaida, wala si dalili ya akili kuchakaa, kama ilivyodhaniwa na wengi wakati huo. Msimuliaji anayerudia kisa kile kile kila wiki huenda anakipenda tu. Anayekirudia mara tatu katika saa moja, bila kujua kwamba amekwisha kukisimulia, ndiye wa kuchunguzwa.

Kimya kina sababu nyingine pia. Sonona kwa wazee huweza kuja bila machozi, ikawa ni usingizi kuruka, chakula kutopendeza na maneno kupungua. Dawa za mafua na mzio kama klofeniramini hufifisha kumbukumbu, na metformini ikitumika kwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12. Mabadiliko ya ghafla, ya saa au siku chache, ni jambo jingine kabisa: mzee aliyekuwa timamu juzi na leo anachanganyikiwa au kusinzia afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ana maambukizi, sukari imeshuka, au amepata kiharusi.

Sikio la kushoto la mstaafu yule lilikuwa limezibwa kabisa na nta. La kulia lilikuwa na upungufu wa umri. Baada ya kuoshwa alirudia namba zilizonong'onwa upande wa kushoto. Kwa sikio la kulia alipelekwa kupimwa kwa ajili ya kifaa cha kusaidia usikivu, na akashauriwa kukaa mbali na redio huku kushoto kwake kukielekea wenzake. Maswali ya kumbukumbu, ambayo wanawe waliyaogopa, aliyajibu vizuri. Sukari yake ilikuwa bado juu. Muuguzi alipomweleza upya, safari hii kwa utulivu na uso kwa uso, aliuliza kama kashata nazo huhesabiwa.