Haki za Aliyefanyiwa Jinai: Usisubiri Mhalifu Akamatwe



Kwa kuwa ninasoma sheria, wenzangu wa hapa Rwanda huniuliza mara kwa mara: "Aliyenidhuru hajakamatwa. Nitadai nini?" Jibu langu ni hili: haki zako hazingoji siku ya kukamatwa kwake. Zinaanza saa ile ile uliyodhulumiwa.

Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio kuhusu waathirika wa jinai. Linasema mtu huhesabiwa mwathirika hata kama aliyemtendea hajajulikana, hajakamatwa wala hajahukumiwa. Linataja haki nne:

1. Kutendewa kwa huruma na heshima, na kuelezwa kesi yake imefikia wapi.
2. Kurejeshewa na mhalifu alichopoteza.
3. Kupata fidia, mhalifu akishindwa, serikali nayo ijitahidi kusaidia.
4. Kupata msaada wa matibabu, wa nafsi na wa kijamii.

Nchini mwetu haki hiyo ya nne ina mlango unaojulikana, hasa kwa aliyebakwa, anayepigwa nyumbani au mtoto aliyenyanyaswa. Ni kituo cha Isange, jina la Kinyarwanda la kumkaribisha mtu ajisikie yupo kwao. Cha kwanza kilifunguliwa mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, Kigali. Leo vipo katika hospitali za wilaya. Daktari, mshauri nasaha na mpelelezi wako mahali pamoja, na huduma ni bure.

Aliyebakwa asikawie. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanza kutumika ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Kama amezivua, azitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevu huharibu ushahidi. Akiwa ameshaoga, aende vile vile.

Kesi ikifika mahakamani, mwathirika si shahidi tu. Sheria inamruhusu kudai fidia ndani ya kesi hiyo hiyo ya jinai. Kwa hiyo atunze risiti za dawa, za nauli na za vitu vilivyoharibiwa. Hasara isiyo na uthibitisho ni ngumu kulipwa.

Limebaki neno moja: sitara. Dada zetu wengi huambiwa wanyamaze ili familia isiaibike. Kumsitiri aliyeumizwa ni kutosambaza habari zake bwenini na kwenye simu. Kumficha aliyemuumiza si sitara. Ni kumwandalia mwingine wa kumdhulumu.

Basi mwenzako akikujia usiku analia, usianze kumhoji alikuwa wapi na amevaa nini. Mwambie unamwamini, mtafutie usafiri, na ukae naye mpaka ahudumiwe.