Ukistaafu, Siku Yako Itakuwa ya Nani?

Kwa kawaida mtumishi wa umma nchini Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na akifika 60 sheria inamtoa kazini, atake asitake. Tarehe hiyo haimjii mtu ghafla. Imo kwenye faili lake tangu siku alipoajiriwa. Hata hivyo wengi hujiandaa kwa jambo moja tu, nalo ni mafao. Wanakijua kikokotoo, wanajua mkupuo utakuwa kiasi gani, wanajua kiwanja kiko wapi na bati ni za rangi gani. Wasichokijua ni watakachofanya Jumatatu ya kwanza baada ya sherehe ya kuagwa, saa mbili asubuhi, wenzao wakiwa wameshafika kazini.

Makala haya yanahusu Jumatatu hiyo. Yanamfaa zaidi aliyebakiza miaka mitatu minne, lakini hata aliyekwisha kustaafu hajachelewa.

Karibu na jiji la Vienna, Austria, kuna kijiji cha Marienthal kilichokuwa kikiishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kufikia mwanzoni mwa 1930 kiwanda kilikuwa kimefungwa, na kaya nyingi zikawa hazina kazi. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikichunguza kijiji hicho, na mwaka 1933 matokeo yakachapishwa. Mtu angedhani wanakijiji, kwa kuwa sasa wana muda tele, wangesoma zaidi. Kinyume chake, vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua karibu nusu, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imefutwa. Watafiti walijibanza dirishani wakapima mwendo wa wapita njia: wanaume walikwenda polepole kuliko wanawake, wakisimamasimama njiani. Wanaume wengi walikuwa hata wameacha kubeba saa. Wanawake, ambao nao walikuwa wamepoteza ajira, walikuwa bado na watoto wa kulisha na nguo za kufua; siku yao iliendelea kuwa na asubuhi, mchana na jioni.

Miaka mingi baadaye Jahoda alieleza kwamba ajira, ukiacha mshahara, humpa mtu mambo matano: mpangilio wa muda, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo la pamoja na wenzake, hadhi, na shughuli ya kumfanya ajitume. Mstaafu si sawa na asiye na ajira, hasa aliyechangia miezi 180 inayotakiwa ili apate pensheni ya kila mwezi. Lakini mambo hayo matano humtoka yote siku moja, na hakuna mfuko wa hifadhi ya jamii unaoyalipa.

Kwa hiyo chukua daftari, si la hesabu za fedha, uandike kazi yako inakupa nini hasa katika kila moja ya hayo matano. Andika kwa undani. "Marafiki" haitoshi, andika ni nani na nani, na ujiulize nani kati yao angekupigia simu kama usingekuwa mkuu wake. Zoezi hili linauma kidogo. Afadhali liume sasa.

Katika muda, kosa la kawaida ni kusema "nitapumzika kwanza". Kupumzika ni haki yako, lakini kuwe na mwisho wake: mwezi, miezi miwili, tarehe iandikwe. Baada ya hapo kila juma liwe na walau siku mbili zenye kazi ya saa maalumu, nje ya nyumba. Shamba ni zuri, ila shamba la msimu mmoja lina miezi mirefu ya kungoja. Anayefuga ng'ombe wa maziwa au kuku wa mayai hana shida hiyo, maana mifugo haiulizi kama leo unajisikia.

Hadhi ni ngumu zaidi, na sisi tumejitegea mtego wenyewe. Huku kwetu cheo hugeuka kuwa jina. Mwalimu hubaki Mwalimu mpaka kaburini, na nesi mstaafu bado hugongewa mlango usiku mtoto wa jirani akipata homa. "Bosi" je? Hilo hufifia juma ambalo gari la ofisi linarudishwa. Aliyeishi kwa kuitwa bosi atafute mapema jambo ambalo watu wanamheshimia bila muhuri: kutengeneza redio, kusuluhisha ugomvi, kuimbisha kwaya, kujua mipaka ya mashamba ya kijiji.

Kwa upande wa shughuli, mtazame Mwalimu Nyerere: aling'atuka urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Akaongoza Tume ya Kusini kuanzia 1987 hadi 1990, akatafsiri sehemu za Biblia kwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996, na mpaka anafariki mwaka 1999 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Utasema yeye alikuwa Nyerere. Sawa. Lakini kutafsiri hakukuanzia Butiama: tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caezar ilitoka mwaka 1963, akiwa na nchi nzima mabegani. Shughuli ya uzeeni huanza mtu angali kazini, hata ikiwa ni kwa saa moja ya Jumamosi.

Kinachobaki kwenye daftari ni lile lengo la pamoja, na hapa ndipo maana ya maisha ilipo. Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili wa Vienna ambaye baadaye alinusurika kambi za Wanazi, aliandika mwaka 1933 kuhusu vijana wasio na kazi aliokuwa akiwashauri. Aliona wamepiga hesabu vibaya: sina kazi, basi sina faida, sina faida, basi maisha yangu hayana maana. Aliwashawishi wajitolee katika maktaba na vikundi vya vijana, bila malipo. Huzuni iliwapungua, ingawa njaa ilikuwa palepale.

Kwa mstaafu wetu nafasi hizo zipo, na nyingi zinalia kwa kukosa watu. Kamati ya shule inahitaji anayeweza kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Kikoba cha mtaa kinahitaji mweka hazina asiyeogopa kusema hapana. Kuna chombo cha watumia maji, baraza la ardhi la kata, jumuiya ya msikiti, kigango. Chagua moja, mbili zikizidi. Kipimo changu cha kuchagua ni hiki: usipofika, je, kuna mtu atakayeuliza uko wapi? Kama hakuna, hiyo ni burudani, tafuta nyingine.

Fedha sitazijadili sana, ila jambo moja. Mkupuo huingia akaunti wakati uleule hadhi inapotoka, na mtu aliyejiona hana thamani ni mteja rahisi. Upatu wa DECI, uliofungwa na serikali mwaka 2009, ulivuta watu kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, na upatu wa namna hiyo haujaisha, umehamia kwenye simu. Hata daladala au hoteli halali huweza kununuliwa ili mtu aitwe tena bosi. Jiwekee miezi sita ya kutogusa mkupuo zaidi ya madeni na matibabu. Wakati huo andika wosia, na hakikisha majina ya wategemezi kwenye mfuko ni ya watu walio hai.

Zungumza na mwenzako pia, kabla. Nyumba ambayo mchana ilikuwa na mtawala mmoja kwa miaka thelathini haimpokei wa pili kwa furaha, hasa akianza kukagua sukari na kuuliza nani kaacha taa inawaka. Mkubaliane nani anahitaji sebule saa ngapi, na nani atakuwa nje ya nyumba siku gani. Usicheke; kuna ndoa zilizotikiswa na jambo hili.

Ukiona majuma mawili yamepita huna hamu ya chochote, usingizi umepotea na chakula hakipiti, usikubali kuambiwa ni uzee. Nenda hospitali useme hivyo hivyo ulivyo. Sonona inatibika katika umri wowote.

Mwisho, fanya jaribio. Likizo ya mwaka ni siku 28. Ijayo usisafiri, kaa nyumbani kama mstaafu, kwa ratiba uliyoiandika na kwa kiasi cha fedha unachotarajia kuwa pensheni yako ya mwezi. Kila jioni andika ulichofanya na uliyekutana naye. Juma la kwanza litapita kwa ugeni wake. Angalia la tatu: siku utakazokuta hazina maandishi ndizo za kutafutia kazi kwanza.