Insulini Safarini: Vidokezo kwa Anayeshuka Rumonge

Ukitoka Bujumbura kuelekea kusini, ziwa linakaa kuliani na vilima kushotoni mpaka Rumonge, mwendo wa kilomita 70 na kidogo. Safari yenyewe si ndefu. Lakini kwa anayetumia insulini huwa na swali moja zito: dawa itafika salama na joto hili la tambarare ya Imbo? Wapo wanaokosa arusi na misiba kwa hofu hiyo. Wapo pia wanaoruka sindano kwa kudhani dawa imeshaharibika njiani, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana kukosa insulini kunaua haraka kuliko insulini iliyopata joto kidogo. Joto la kivulini linavumilika. Cha kuogopa ni jua la moja kwa moja, gari lililofungwa vioo na barafu.

1. Jua chupa ipi inahitaji friji. Chupa ambayo hujaifungua hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Uliyokwisha kuifungua, au kalamu unayoitumia, inaweza kukaa nje ya friji pasipozidi nyuzi 25 au 30, kutegemea aina, na kwa aina nyingi muda wake ni siku 28. Karatasi iliyo ndani ya boksi ndiyo yenye neno la mwisho. Siku unapoifungua, andika tarehe kwenye lebo kwa kalamu ya wino, kwa sababu safarini siku huchanganyikana.

2. Ikumbuke Dadaab. Kule kaskazini mashariki mwa Kenya, katika kambi ya Dagahaley iliyoko Dadaab, Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la nyumba ambamo wakimbizi huishi bila friji. Kisha wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva wakaiga joto hilo maabara, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: insulini walizozipima zilibaki na nguvu karibu sawa na zile zilizokaa kwenye friji. Habari hiyo isikufanye uache akiba ya miezi mitatu dirishani. Ikuondolee tu hofu ya kusafiri na chupa moja mkobani.

3. Ibebe mwenyewe. Usiiweke kwenye buti, juu ya keria, wala kwenye dashibodi. Ukikaa mbele, kumbuka kwamba joto la injini hupanda miguuni; mkoba uwe mapajani, upande usiopigwa na jua. Gari likisimama, na kukiwa na uhaba wa mafuta linaweza kusimama kweli, shuka nao. Ndani ya gari lililofungwa juani joto linaweza kupita nyuzi 50. Tena hii ni barabara inayobanwa kati ya mlima na maji. Mwaka 2015 maporomoko ya udongo yaliikata huko Gitaza. Beba kana kwamba utalala njiani hata kama umeagana na wenyeji kwamba utafika mchana.

4. Barafu iogope kuliko joto. Insulini ikiganda imekufa, na ikiyeyuka hairudi kuwa dawa hata ikionekana nzima. Katika pwani hii ya samaki wa mukeke na ndagala, kuna siku mtu mwema atakwambia utie chupa yako kwenye boksi lake la barafu ya samaki. Mshukuru, ukatae. Ukitumia pakiti za baridi, zifunge kwa taulo kavu na uweke kitu kati yake na dawa. Mimi napenda zaidi chupa ya chai yenye mdomo mpana: isuuze kwa maji baridi, yamwage, ikaushe, kisha tia dawa iliyofungwa kwenye kitambaa na ufunike.

5. Pasipo na friji, tumia maji na upepo. Hapa hekima ya nyumbani inafanya kazi vizuri kabisa. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi hupitisha maji kidogo kidogo, na maji yakikauka kwenye ngozi ya mtungi yanaondoka na joto. Burundi haina shida ya mitungi. Wabatwa wamefinyanga vyombo hivyo kwa vizazi. Chukua mkubwa na mdogo, weka mdogo ndani ya mkubwa, jaza mchanga katikati, umwagie mchanga maji asubuhi na jioni. Insulini iwe kwenye kopo au mfuko usiopitisha maji, ndani ya mtungi mdogo, juu yake kitambaa kilicholowa. Weka kivulini, mahali upepo unapopita. Mtungi uliofichwa kabatini haupoi.

Njia hii huwa bora zaidi Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu. Masika, hewa ya ziwani ikijaa unyevu, maji hukauka polepole na baridi hupungua. Hata hivyo utakuwa umeshusha nyuzi kadhaa, na kwa chupa unayotumia, mara nyingi hizo zinatosha. Ukiwa njiani, kitambaa cha pamba kilicholowa, kikizungushwa kwenye mfuko wa dawa, kinafuata kanuni hiyohiyo. Vipo pia vipochi vya chembechembe zinazonyonya maji, kama vya Frio. Usivifungie ndani ya mfuko wa plastiki, maana visipopumua havipozi.

6. Mwambie mwenyeji mapema. «Mama, nina dawa yangu ya sukari, naomba nafasi ndogo kwenye friji, mbali na barafu.» Sentensi hiyo inatosha, na haina aibu yoyote. Omba rafu ya katikati au mlangoni, kamwe si karibu na sehemu ya kugandishia. Weka ndani ya kopo lenye jina lako ili watoto wasilichezee. Umeme ukikatika, acha mlango umefungwa.

7. Mtumbwini hakuna kivuli. Kama unaendelea kwa maji, dawa ikae kwenye mfuko usiopitisha maji, chini ya kitenge au mwavuli, mbali na madumu ya mafuta na injini.

8. Beba mara mbili ya unachohitaji, ukigawe. Nusu kwako, nusu kwa unayesafiri naye, pamoja na sindano, kipimo cha sukari, na glukosi au sukari ya kawaida kwa ajili ya sukari kushuka. Kwenye joto, insulini hunyonywa mwilini upesi, kwa hiyo pima mara nyingi kuliko kawaida. Ukilazimika kununua mahali pengine, iwe Kigoma au Uvira, soma namba kwenye chupa kabla ya kulipa. Insulini nyingi ni ya yuniti 100 kwa mililita, lakini ipo ya 40, na kila moja ina bomba lake. Kuchanganya hapo ni kujidunga dozi isiyo yako.

9. Itazame kila mara kabla ya kudunga. Iliyo safi kama maji ibaki hivyo. Ikiwa na ukungu au rangi, iache. Ile ya asili yake nyeupe izungushe taratibu viganjani mpaka ifanane yote. Mabonge, au chembe zilizoganda ukutani mwa chupa, ni dalili ya kuharibika. Lakini insulini iliyopungua nguvu inaweza kuonekana nzuri tu, ndiyo maana kipimo cha sukari ni shahidi wa kweli zaidi ya jicho. Sukari ikipanda siku nzima bila sababu ya chakula wala homa, fungua chupa mpya. Kama huna nyingine, endelea na hiyohiyo huku ukitafuta, usikae bila dawa. Ukiona kiu isiyokatika, mkojo mwingi, kutapika, maumivu ya tumbo au pumzi ya haraka inayonukia kama matunda, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali ya Rumonge usiku huohuo, na chupa uliyokuwa ukitumia uibebe ili daktari aione.